Mihogo ya Fébronie na Mwamko wa Ulaya

Kulipokucha Fébronie aliwasha moto, akawapikia watoto uji, kisha akashika jembe. Yeye na mumewe, Bucumi, walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Sasa waliishi ng'ambo ya mpaka, chini ya milima ya Kalinzi inayoteremkia ziwani, na walilima shamba walilopewa na Mzee Wilfred, mwenyeji wao.

Lakini mihogo yao iliugua. Majani yalijikunja na kuwa na mabaka ya njano. Mizizi ilikuwa myembamba kama vidole. Binti yao Armelle na wadogo zake walianza kulala na njaa. Bucumi alikata tamaa. Alisema ardhi ya ugenini imewakataa, na mkimbizi hana la kufanya ila kuvumilia.

Jioni Fébronie alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Siku moja mwalimu wao, Veneranda, aliwasimulia habari za Ulaya ya zamani. Watu wa huko walifundishwa kwamba binadamu ni dhaifu, kazi yake ni kuvumilia na kungoja mbinguni. Aliyetaka kujua jambo alitazama wakale wameandika nini, basi. Kisha, yapata miaka mia sita iliyopita, miji ya Italia ikaanza kuamka. Wasomi walifufua elimu ya Wagiriki na Warumi, na ile iliyotunzwa na Waarabu. Wachoraji walichora mwili wa mtu kama ulivyo. Madaktari walipasua maiti ili wavione viungo kwa macho yao. Baadaye msomi mmoja alipiga hesabu za nyota, akasema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Wengi wao hawakumwacha Mungu. Walisema akili ni zawadi yake, na zawadi hutumiwa. Zama hizo huitwa Mwamko.

Fébronie aliuliza, "Mwalimu, hiyo elimu ya Wagiriki ilifikaje Italia?"

"Sehemu yake ililetwa na wakimbizi," Veneranda akajibu. "Mji wao ulitekwa, wakaondoka na vitabu vyao. Wenyeji wakakaa chini, wakafundishwa."

Maneno hayo yalimwingia Fébronie moyoni.

Asubuhi alikwenda shambani, akakagua shina kwa shina, akikumbuka kila pingili ilikatwa wapi. Akagundua kwamba miche iliyotokana na pingili za mashina yenye mabaka iliugua tangu ilipochipua. Michache iliyotoka kwenye mashina safi ilinawiri, na udongo ulikuwa ule ule. Alirudi mbio kwa mumewe.

"Baba Armelle, ardhi haijatukataa. Ugonjwa tunaupanda kwa mikono yetu. Tuing'oe iliyougua, tupande pingili safi."

Bucumi alisita. Kung'oa mihogo wakati wa njaa kulimtisha. Mwishowe walikubaliana kujaribu kipande kimoja. Walipanda pingili za mashina safi peke yake, na kila mche uliotoa mabaka waliung'oa na kuuchoma.

Mwaka uliofuata Bucumi alishika shina la kwanza, akavuta. Halikutoka. Ikabidi wavute wote wawili. Mizizi ilitoka minene kama mikono ya mtu mzima. Unga wake ulipokuwa tayari, watoto walikula ugali na isombe, mboga ya majani ya mihogo, mpaka wakabakiza.

Mzee Wilfred alifika kutazama. Fébronie alimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Armelle. Mihogo yangu mimi imekwisha kwa ugonjwa huo huo. Nifundishe."

Fébronie alimwonyesha jinsi ya kuchagua shina. Majirani nao wakaja, Waha wenyeji na Warundi wakimbizi, na Bucumi akawakatia pingili. Msimu uliofuata mteremko mzima ulikuwa kijani, kutoka Kalinzi mpaka karibu na ziwa.