Kamba ya Njano Mlangoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kibanda cha vibali kwenye lango la msitu kilikuwa majivu. Karani, aliyekuwa amelala ndani, aliponea chupuchupu kwa kupenya kidirisha cha kulipia kiingilio, mikono ikaungua. Alisema mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba ya njano, ile inayozungushiwa kambi zilizopigwa marufuku.

Aliyepiga simu ni askari wa misitu wa zamu, mama wa makamo aliyemzika mwanawe mwezi uliopita. Inspekta alimpa pole, kisha akazunguka eneo taratibu. Kiangazi kilikuwa kimekaza na majani makavu yametanda kila mahali, lakini hakuna mti hata mmoja uliobabuka. Kuzunguka kibanda, ardhi ilikuwa imefagiliwa ikabaki udongo mtupu. Mistari ya reki ilionekana wazi, kila mkokoto una pengo katikati.

Mtuhumiwa hakutafutwa mbali. Mwongoza watalii alinyimwa kibali cha kupandisha wageni mlimani, na jana yake alimwambia karani mbele ya foleni nzima, "Utanitambua." Nyumbani kwake kulikutwa dumu la mafuta ya taa. Hapo polisi wengi hufunga jalada wakaenda kunywa chai.

"Ni ya majiko ya kambini, afande," alisema mwongoza watalii. "Mke wangu anakaribia kujifungua. Ukiniweka ndani, nani atampeleka hospitali?"

"Ukitaka kuchoma kitu cha adui yako, unaanzaje?"

"Namwaga, nawasha, natoka mbio."

"Hufagii kwanza?"

"Nifagie, afande? Kwani nategemea wageni?"

Inspekta alicheka, cheko likakatika ghafla. Mwenye hasira hafagii. Anayefagia ni yule ambaye kila kiangazi kazi yake ni kuuzuia moto usiingie msituni, hadi mikono imezoea.

Alimkuta yule mama nje ya stoo akinoa panga. Reki iliegemea ukuta, jino moja la katikati limeng'oka.

"Mama, kamba za njano anazitunza nani?"

"Mimi." Hakuinua uso. "Niliizungushia kambi ya mtoni, miti yake imeoza. Karani akaifungua, akapokea kiingilio cha vijana, akawapa kibali walale palepale. Tawi likamwangukia mwanangu usingizini. Nikaenda kushtaki, nikaambiwa kibali kina muhuri, hakuna kosa."

"Ukamfungia ndani."

"Kwa kamba ileile."

"Na majani uliyafagia ya nini?"

Alimtazama kana kwamba ameulizwa swali la kijinga. "Msitu umenikosea nini?"

Akaweka panga chini. Chuki yake ilikuwa bado mbichi, wala hakujisumbua kuificha.

"Mwachie yule kijana aende kwa mkewe," alisema. "Karani ameungua wapi?"

"Mikono."

"Hata ule wa kupigia muhuri?"

"Hata huo."

Mama aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mikono yake kupokea pingu.