Mwito wa Banda la Ndege

Asubuhi ile uji wa wanafunzi ulinuka petroli. Achola, mpishi wa chuo, aliumwaga, akasugua sufuria kwa majivu, akapika mwingine. Nao ukanuka.

Ilikuwa mwaka wa 1956, nje kidogo ya Nakuru. Uwanja wa ndege za vita ulikuwa umegeuzwa chuo cha kilimo. Banda kubwa la ndege lilikuwa bwalo la chakula, na ng'ombe walilishwa kando ya njia ya kurukia. Dalmas, mume wa Achola, alifagia bwalo. Saa sita mchana siku hiyo sauti ilimwita kutoka juu penye mabati: "Boi. Kuja."

"Ndiyo, bwana," akajibu, kwa mazoea ya miaka ishirini, kabla ya kutazama.

Hapakuwa na mtu.

Tangu hapo, kila saa sita ilipofika, Dalmas aliangusha ufagio, akaenda kwenye njia ya ndege, akainama na kuvuta kamba isiyoonekana mpaka viganja vikatoka damu. Wiki ya tatu shati lilimning'inia kama limeanikwa.

"Namjua huyo," mzee Kiprugut, mlinzi wa lango, alimnong'onezea Achola. "Rubani. Kijana mdogo tu. Sisi sote alituita boi, tukamvutia ndege. Akaanguka nayo ziwani. Nafikiri hakuna aliyemwambia vita vimeisha."

"Pole yake. Lakini mume wangu si punda wake."

"Shusha sauti, mama. Atasikia."

"Si ndicho ninachotaka?"

Kesho yake saa sita Achola alimfuata mumewe hadi njia ya ndege, akamshika kiunoni alipoinama kushika kamba yake, na mara harufu ya petroli iliwajaa puani, nyasi zikalala bila upepo, ng'ombe wakakimbia, na ngurumo ya injini ikaja ikikaribia na kukaribia ilhali mbingu ilikuwa tupu, mpaka kivuli cha mabawa kikapita juu ya miguu yao na kusimama.

"Boi. Kuja."

Dalmas alifungua mdomo. Achola akauziba kwa kiganja.

"Hapa hakuna boi," alisema. "Huyu ni Dalmas Omolo. Na watu husema njoo, si kuja."

Injini ilitulia. Kisha sauti ikasema karibu kabisa, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma:

"Dalmas Omolo. Njoo."

Achola alikuwa ameupa mzimu jina la mumewe.

Dalmas aliuondoa mkono wa mkewe taratibu. "Mama Akoth, unanuka vitunguu," alimwambia. Kisha akainua uso kwenye ile mbingu tupu na kuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote aliyemwamuru:

"Kwa nini?"

Kamba ililegea ghafla, Dalmas akaketi chini kwa kishindo, na harufu ikaanza kupungua. Achola aliinama kumwinua, na hapo pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Na wewe? Nani?"

Alimsimamisha mumewe kwanza.

"Achola," akasema. "Na mimi pia siji."