Ukuta wa Diski D

"Mikono juu! Usiguse kitu!"

Kiro, fundi kompyuta, akainua mikono. Kipande cha banitsa, andazi la jibini, bado kilikuwa mdomoni.

Velcheva, mpelelezi wa polisi, aliegemea mlango akihema. Ghorofa nne kwa ngazi. Miaka hamsini na tisa, magoti mabovu, bastola ya Makarov mkononi. Tangu jana hajalala.

Nje, honi. Malori sitini yamepanga foleni kuelekea daraja la Danube. Moja limebeba insulini bandia, maji matupu kwenye chupa za dawa. Saa nne na nusu litavuka kuingia Romania, na wagonjwa watajidunga maji.

Lipi? Namba yake ilikuwa ndani ya kompyuta hii. Na bosi wa magendo alishamwamuru Kiro aifute, aweke mfumo endeshi mpya.

Saa nne na dakika tano.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Popote sijafika, shangazi. Imegoma. Nusu saa nzima inaniambia diski haikubali mfumo mpya. Nikafuta sehemu ya C. Ikagoma. Nikafuta tena..." Uso ukamwiva. "Nikafuta na D."

"D ina nini?"

"Harusi ya binti yake bosi. Aliniambia, C choma, D ukigusa nakuzika."

Velcheva alijua. Mji wa Ruse mzima ndivyo ulivyo: mfumo unakaa C, vya nyumbani vinakaa D, na D fundi haigusi.

Redio ikakoroma. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa polisi, kutoka darajani.

"Velcheva, hapa Gencho. Vipi?"

"D imefutwa."

"Kuna kitu kimeandikwa juu yake?"

Akamgeukia Kiro. "Uliiformati?"

"Nilifuta tu. Nikaogopa, nikaanza kula."

"Basi kilichobomoka ni ukuta," Gencho akasema. "Vitu vipo palepale. Msiweke mfumo wowote. Zima, washa kwa flashi niliyokupa. Itatafuta mipaka ya zamani."

Velcheva akachomeka flashi, akawasha. Asilimia kumi.

Thelathini.

Velcheva akaketi, akavua kiatu kimoja, akasugua mguu.

"Bosi ataniua, shangazi."

"Apange foleni. Mimi nimetangulia."

Saa nne na dakika ishirini na mbili. *Imepatikana sehemu moja iliyopotea. Iandikwe upya?*

Ndiyo.

Kompyuta ikazimika. Ikawaka. D ikarudi.

Bibi harusi. Mkate. Wajomba wamelewa pombe ya rakia. Na katikati yao faili moja isiyo picha: *Mizigo*. Bosi aliihifadhi mwenyewe, pale anapohifadhi kila akipendacho, kisha akasahau.

"Gencho. Namba P 4417 BK."

Dakika moja. Tatu.

"Tumelikamata. Lilibakiza magari mawili tu mbele yake."

Velcheva akafumba macho kidogo. Akavaa kiatu, akachomoa diski, akaitia mkobani. Polisi wenzake walikuwa wanapanda ngazi.

"Banitsa imebaki?"

Kiro akaisukuma sahani kwa kiwiko, mikono bado juu.

"Shangazi... picha zimepona?"

"Zote. Mwambie bosi wako, mtakutana huko huko ndani."

Akachukua kipande, akaanza kushuka, ngazi moja moja, ameshika ukuta.