Gesi Isiyo na Harufu

Mke wa dereva mmoja alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kila asubuhi cherehani yake ilianza kulia kabla watu wengine hawajaamka vizuri. Chumba chake cha kazi kilipakana na banda la mabati. Ukuta wa katikati haukufika juu. Ndani ya banda hilo mumewe, aliyepewa jina la utani la Mwendo Pole, alikuwa ameegesha lori la kampuni. Aliogopa wezi wa vioo, kwa hiyo alifunga mlango kwa kufuli mbili.

Lori lilikuwa jipya. Halikutumia dizeli. Lilitumia gesi asilia iliyopozwa sana mpaka ikawa kimiminika.

"Halitoi moshi mweusi," Mwendo Pole alijisifu. "Siku hizi shati langu linarudi jeupe."

"Kwani zamani ulikuwa unaendesha au ulikuwa unachoma mkaa?" mama yake alimtania.

Mzigo wa safari ulichelewa. Lori likakaa bandani siku ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Siku hiyo, Jumamosi asubuhi, mshonaji alisikia sauti. Ssss. Ikanyamaza. Ssss, tena.



"Baba watoto, njoo usikie. Lori lako linapumua!"

Mwendo Pole alikuja akasimama karibu na ukuta. Akanusa mara tatu.

"Hakuna kitu. Gesi ya jikoni ikivuja, hata mwenye mafua anajua. Wewe unanusa nini?"

"Sinusi kitu."

"Basi, endelea na kazi. Wasiwasi wako utatumaliza."

Lakini mikono haikutaka kushona. Alimwomba Mungu kimoyomoyo: "Kama ni hofu tu, iondoe. Kama kuna jambo, nionyeshe." Kisha akainuka, akavuka barabara. Jirani wa ng'ambo alikuwa fundi katika kituo cha kujaza gesi kwenye malori. Alimkuta anaanika nguo.

"Dada, samahani. Lori la mume wangu linatoa sauti. Ssss, halafu linanyamaza. Lakini hakuna harufu."

Fundi aliacha nguo kwenye beseni. "Limekaa siku ngapi?"

"Sita."

"Wapi?"

"Bandani. Tumefunga."

"Kuna moto wowote karibu?"

Mshonaji alishika kichwa. Mama mkwe! Alimwacha uani akipepea pasi ya mkaa. Makaa yakishika, mama huileta mwenyewe kwenye chumba cha kushonea.

Walikimbia wote wawili. Mama mkwe alikuwa mlangoni, pasi mkononi, mguu mmoja tayari umeingia ndani.

"Mama! Usiingie!"

"Heh! Leo nimekuwa mgeni?"

"Rudi nyuma na hiyo pasi, mama. Nakuomba!"

Mama mkwe aliuona uso wa mkwewe. Akarudi nyuma.

"Ipeleke mbali, barabarani," fundi alisema. "Na wewe, shemeji, toka huko! Usiwashe taa, wala usizime. Usiguse lori. Acha kufuli kama zilivyo."

Mwendo Pole alitoka, funguo mkononi. Walipofika mbali, fundi aliwapigia simu zimamoto na kampuni ya lori. Majirani pia waliambiwa wazime majiko na watoke.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Mshonaji alishika mkono wa mama mkwe. Midomo ya mshonaji ilikuwa inasali.

Zimamoto walifika na kifaa cha kupima gesi. Mmoja alikiinua karibu na paa la chumba cha kushonea. Kikalia kwa nguvu.

Mwendo Pole alikaa chini kwenye vumbi. "Lakini nilinusa," alisema. "Nilinusa mara tatu."

"Gesi ya jikoni hutiwa harufu makusudi, ili tuitambue ikivuja," fundi alimweleza. "Hii ya lori kwa kawaida haina harufu. Ni baridi kupita barafu, na harufu ile ingeganda. Pua yako haiwezi kukusaidia. Kinachosaidia ni kifaa."

"Na ile sauti?"

"Gesi ya kujaza madebe mia sita huingia kwenye debe moja ikipozwa hivyo. Lori likikaa siku nyingi, tangi hupata joto kidogo kidogo. Gesi inataka nafasi. Valvu, yaani kilango cha kutolea gesi, hufunguka, inatoa kidogo, inajifunga. Tangi lako ni zima, shemeji. Mahali pa wazi, gesi hiyo hupanda juu na kupotea. Bandani ilipata wapi pa kwenda? Ilikaa chini ya paa, ikavuka ukuta."

"Kwa hiyo gesi hii ni mbaya?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Ni nishati nzuri, na masizi yake ni machache kuliko ya dizeli. Ila inataka kuegeshwa nje, mbali na moto, na isikae siku nyingi bila safari."

Zimamoto walifungua banda, wakapitisha upepo, wakapima tena mpaka kifaa kikanyamaza. Jioni lori lilikuwa katika uwanja wazi wa kampuni, likilindwa na mlinzi. Mshonaji akarudi kwenye sare zake, akimshukuru Mungu.

Kesho yake, baada ya ibada, Mwendo Pole hakupumzika. Madereva wengine wawili walikuwa wamepewa malori kama lake. Wa kwanza alikuwa ameegesha uwanjani. Alipofika kwa wa pili, alikuta geti la karakana limefungwa, lori likiwa ndani.

"Lori lako lisikae humo ndani," alimwambia. "Lakini usiliwashe. Kwanza tuite watu wenye kipimo."

Mwenzake alicheka. "Kwani kuna nini? Mbona sisikii harufu yoyote?"

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Mwendo Pole, akatoa simu.