Makochi Yameenda Wapi, Baba Ngosha?

"Baba Ngosha, makochi yangu yako wapi?"

Teodora alikuwa bado na kapu la mchele kichwani. Ndiyo kwanza anarudi kutoka Magu, alikomuuguza mama yake wiki mbili. Alisimama mlangoni kwake, pale Mirongo, kama mtu aliyekosea nyumba. Seti mbili za makochi hazipo. Meza ya kioo haipo. Hata masanduku yaliyopangwa ukutani mpaka juu hayapo.

Mumewe, Shimba, fundi saa, alikuwa amekaa kwenye stuli moja katikati ya sebule.

"Karibu, mke wangu. Mama anaendeleaje?"

"Nimekuuliza makochi."

"Seti moja nimempa Mwaija hapo jirani. Nyingine nimepeleka kanisani. Vitu vilizidi, Mama Ngosha. Tulikuwa tunapita ubavuubavu."

"Umegawa? Vitu vyangu?"

Walioana mwaka themanini na nne, enzi za foleni za sabuni, wakaanza maisha na sufuria moja. Maduka yalipofunguliwa na bidhaa kujaa, Teodora hakujizuia. Chupa za chai tu alikuwa nazo tisa. Shimba aliyajua yote hayo. Sasa imekuwaje?

Akaingia chumbani, akalikung'uta shati la mumewe. Karatasi ikaanguka.

"Bwana Shimba, mwambie mkeo kabla ya Ijumaa. Usipomwambia, nitakuja kumwambia mwenyewe. Rose."

Alitoka mbio mpaka kwa Mwaija.

"Shoga, Rose ni nani?"

"Jina silijui. Ila kuna dada amekuja mara mbili. Akamshika mumeo mkono mpaka barabarani."

"Mkono?"

"Mchana kweupe."

Teodora aliketi kwenye kochi lake mwenyewe, ugenini. Mwanaume anayeleta mke wa pili si huongeza vitu ndani? Huyu mbona anavitoa? Au anahama yeye?

Siku hiyo hakumsemesha mumewe. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hodi ikapigwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Rose?"

"Ndiyo. Amekuambia?"

"Niambie wewe. Mna muda gani?"

"Miezi mitano sasa."

"Miezi mitano! Na unasema bila aibu!"

"Dada, tangu aanze kliniki ya macho. Mimi ni nesi."



"Macho ya nani?"

"Ya mumeo. Ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia dawa inalichelewesha tu. Leo daktari anataka aje na mtu wa nyumbani kwake."

Shimba, kwenye stuli yake, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Siku ile nilipovunja meza ndogo nikakuambia nimelewa," alisema taratibu, "sikuwa nimekunywa chochote."

Teodora aliikumbuka siku hiyo. Alimnunia siku tatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi saa asiyeona, utamfanyia nini? Niliogopa. Nikasema niizoee nyumba ningali naona kidogo, nisije nikakuvunjia kila kitu."

"Vilikuwa vitu vyangu, Shimba. Ungesema, ningevitoa kwa mkono wangu."

"Najua. Nimekukosea. Nisamehe."

Teodora hakujua ampige au amkumbatie. Alilia, akamfokea, akalia tena, kisha akamtafutia viatu. Wakaenda kliniki watatu, Teodora ndiye aliyemshika mkono.

Waliporudi jioni, Shimba alifumba macho akaanza kujipima: hatua nane kutoka mlangoni, kisha kulia, chumbani. Mara ya kwanza alifika. Mara ya pili, kwenye hatua ya tano, akagonga kitu. Akakipapasa. Mabega. Shingo. Mashavu yenye machozi.

"Na hiki nacho kitoke?" Teodora akauliza.

Shimba alikikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Hiki hakigawiwi."