Kwa Nini Maadui wa Annika Ni Maroboti

Kila Jumamosi nilifagia mbele ya nyumba, kama majirani wote hapa Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani. Na kila Jumamosi binti yangu Annika, wa miaka kumi na mitatu, alivuka daraja kwenda Austria, kwa wifi yangu Roswitha. Nilimwonea wifi wivu hadi ufagio ukawa mzito.

"Kwa shangazi kuna nini?" nikamuuliza.

"Gemu yake nzuri. Yetu ina maroboti wanaovuja mafuta. Yake ina watu, na wanatoka damu."

Kumbe ni hilo tu. Nikaenda kwa Bwana Zellner, muuza michezo ya kompyuta.

"Nipe ile yenye damu. Mtoto wangu asiende kwa wifi yangu Austria kufuata vya watu."

"Ana umri gani?"

"Kumi na mitatu."

"Basi sikuuzii, Mama Annika." Akaweka kasha la mchezo wetu mezani. Lilikuwa na kibandiko cha namba 12. "Wakaguzi huutazama mchezo kabla haujauzwa. Wenye damu wangeupa 18, na watoto wasingeuziwa. Watengenezaji wanataka wateja wengi. Kwa hiyo toleo letu la Ujerumani wamelibadilisha, la Austria wameliacha lilivyo. Watu wamekuwa maroboti, damu imekuwa mafuta."

"Yaani sisi tunauziwa makapi?"

"Makapi gani? Mchezo ni uleule. Namba haisemi kama ni mtamu. Inasema nani bado hajafikia umri wa kuucheza. Wifi yako ameisoma ya kwake?"

Swali hilo lilinifurahisha, sifichi. Nikampigia Roswitha palepale.

"Soma namba kwenye kasha lako."

Nikasikia akiligeuza kasha. "Kumi na nane. Masikini mimi, wifi, nilitazama picha tu. Naufungia kabatini leo hii."

Jioni nikampa Annika habari. Nilingoja alie.

"Afadhali," akasema. "Penye damu nilikuwa nafumba macho."

"Sasa kule ulikuwa unafuata nini?"

"Shangazi anacheza na mimi. Wewe unafagia."



Jumamosi iliyofuata majani yalibaki mlangoni, majirani wakasema wee. Mimi na Annika tulipigana na maroboti. Nilikufa mara tisa, na Annika alicheka hadi akashika tumbo. Alasiri Roswitha akabisha hodi, ameleta keki ya plamu.

"Nisogezeeni kiti na mimi nicheze," akasema.

"Ngoja zamu yako, wifi," nikamjibu, na sikubanduka karibu na mwanangu.