Vipimo vya Mwenye Gauni

Fundi alimpima bintiye kiuno mara tatu, na mara zote tepu ikasoma inchi thelathini na sita. Wiki mbili nyuma, alipomkatia sketi ya shule, kiuno hichohicho kilikuwa ishirini na saba.

"Unakula nini wewe?"

"Sili, mama. Hamu yenyewe sina."

Na kweli mtoto alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea. Fundi alikuwa amechoka, mguu uko kwenye pedeli ya cherehani tangu asubuhi, na aliyechoka hudhani amekosea yeye. Akachukua tepu nyingine. Thelathini na sita. Akapima mabega, kifua, nyonga, akawa anaandika daftarini kwa mazoea, kisha kalamu ikasimama. Namba hizo alishawahi kuziandika. Akafunua kurasa za nyuma: mteja wa gauni la kijani.

Mteja huyo alikuja mchana mmoja, kajifunika mpaka vidole, akakataa kuguswa na tepu. Vipimo alivitaja mwenyewe. Akiondoka alisema, "Asilivae mtu kabla yangu," na fundi akaudhika, maana miaka kumi na tisa hajajaribu hata mtandio wa mteja. Gauni likaisha, likatundikwa, mwenyewe hakurudi. Ila kila siku kwapani palikutwa pamelowa jasho, na chumba kikanuka kitambaa kilichoungua, pasi ikiwa imepoa.

"Gauni la kijani umelivaa?"

Binti akaificha simu nyuma ya mgongo.

"Nakuuliza taratibu."

"Kwa kupigia picha tu, mama. Mara moja."

"Lete simu."

Kwenye ukurasa wake zilikuwa nguo za wateja, mwaka mzima: suti ya mwalimu, gauni la bibi harusi, zote juu ya mwili wa mtoto wa miaka kumi na tano, na chini ya kila picha, "Kabati langu." Chini ya ile ya kijani: "Nimeshonewa mimi, halimtoshi mwingine." Sifa zilijaa. Katikati yake kulikuwa na mtu asiye na picha, aliyeandika kila siku mchana. *Litakutosha.* Kisha, *Kifua tayari.* Kisha, *Kiuno tayari.* Ujumbe wa siku hiyo ulisema, *Bado sauti.*

"Nani huyu?"

"Sijui. Namzuia, anarudi," alisema binti, na neno la mwisho likatoka zito, la mtu mzima, kwa sauti ileile ya mteja aliyetaja vipimo, na nyuma yao gauni likajaa polepole kwenye hanga, mabega kwanza, kisha kifua, kisha kiuno, likipanda na kushuka kama mtu anayepumua baada ya ngazi ndefu, na harufu ya kuungua ikazidi hadi fundi akamvuta mwanawe kwa mkono wakatoka nje bila viatu.

Bibi mganga, aliyeitwa na fundi, alikuja kesho yake, akavua viatu, akasugua miguu iliyovimba. Hakupiga kelele wala kuchoma kitu.

"Hajakuvamia," alimwambia binti. "Umetangaza kwamba mwenye gauni ni wewe. Mwenye gauni ni yeye. Amekuchukua kwa neno lako. Sasa sema kweli palepale uliposemea uongo."

"Watanicheka, bibi. Shule nzima."

"Watacheka. Kisha watachoka. Mimi mwenyewe nimechoka, andika."

Binti aliandika huku analia: "Nguo zote hizi ni za wateja wa mama. Mimi nina magauni mawili." Akafuta picha moja baada ya nyingine. Ilipofutika ya kijani, gauni lilianguka sakafuni, tupu, na harufu ikakatika. Kufika jioni wenzake wa shule walishampa jina mtandaoni: Kabati. Lakini sauti ilikuwa yake.

Akiondoka jioni hiyo, bibi mganga aligeuka mlangoni. "Na picha walizokwisha kuzihifadhi watu kwenye simu zao?"

Akavaa viatu, akaenda zake.

Tangu hapo fundi humpima bintiye kila asubuhi kabla ya shule. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Leo pia ishirini na saba, akashusha pumzi, na hapo simu mezani ikawaka: mtu wasiyemjua ameisambaza upya picha ya gauni la kijani, pamoja na maneno yake, "Nimeshonewa mimi."

Tepu, bado ikizunguka kiuno cha binti, ikaanza kukaza vidoleni mwa fundi.

"Mama?"

"Simama wima, mwanangu," alisema fundi, akaiachia inchi moja, kisha nyingine.